Sura ya Saba: Spika Nne za Kiwandani

"Rudia," alisema Inspekta.

"Nimesharudia mara tatu, afande."

"Ya nne ndiyo ninayoipenda. Anzia gari lilipoingia karakanani kwako."

Mtu aliyeketi ng'ambo ya meza alikuwa fundi wa muziki wa magari. Wateja wake walimwita Kimya, kwa sababu katika mtaa mzima wa karakana zinazonguruma tangu asubuhi, yeye peke yake aliijaribu kazi yake kwa sauti ya chini. Alikuwa na siku nne mahabusu. Miguu peku, mkanda umechukuliwa, suruali ameishikilia kwa mkono mmoja.

Jumamosi alasiri gari jeupe la Mkurugenzi wa ghala la mizigo liliteketea ndani ya yadi yake mwenyewe, na mlinzi aliyejaribu kulizima akaungua mikono yote miwili. Mkurugenzi alisema moto ulitoka kwenye waya za muziki. Alisema mara moja, kwa simu, na ikatosha. Leo Jumatano, saa nane mchana, faili lilikuwa liende mahakamani: uzembe uliosababisha madhara ya mwili. Miaka mitano. Saba, ukimpata hakimu mwenye haraka.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda, na yamekwenda hivyo muda mrefu. Ghorofa lilipoanguka, alikamatwa mchanganya zege. Kivuko kilipozama, alikamatwa mkata tiketi. Waliochora, waliopitisha na waliokata utepe walitoa rambirambi.

Inspekta alikabidhiwa faili hilo asubuhi ileile, kwa kuwa aliyekuwa nalo alikwenda likizo. Lilikuwa na kurasa mbili. Moja ilikuwa orodha ya vitu alivyokutwa navyo mtuhumiwa mfukoni. Pale kituoni Inspekta huyu walimwita Mama Rudia akiwa hayupo, na akiwepo walitamani asiwaulize kitu.

"Gari lililetwa na kijana wa Mkurugenzi," alianza Kimya. "Ni kama miezi miwili sasa. Alitaka kubadilisha spika za kiwandani, milango yote minne, na kuongeza sabufa kwenye buti."

"Za kiwandani zina ubaya gani?"

"Ni karatasi tupu, afande. Ukiongeza sauti zinakwaruza kama mtu anayetafuna bati. Nyembamba wanaziweza, sauti nzito zinawashinda. Ukiweka sabufa, mzigo mzito unabebwa na yeye, wale wadogo wanapumua."

"Unawasema kama watu."

"Nashinda nao kutwa."

Inspekta hakucheka, ila kalamu ilisimama kidogo. "Mikono yako ilifanya nini? Hatua kwa hatua."

"Nilifungua milango. Spika za gari lile hazikufungwa kwa skrubu. Kiwandani wanazipiga ribiti, pini za bati zinazobanwa mara moja, hazifunguki tena. Nikazitoboa kwa drili, nne kwa kila spika. Nikakata pete za mbao, maana spika mpya zina kina kirefu. Ukizifunga hivihivi, kioo kikishuka kinagonga sumaku. Kisha nikafunga kwa skrubu, nne nne."

"Waya ukazikata wapi?"

"Waya wa kiwandani sikati!" Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda tangu aingie chumbani. Akaishusha. "Samahani. Nilipokuwa najifunza kazi, bosi wangu alikata waya za gari la daktari, gari likagoma kuwaka. Aliyekata ni yeye, niliyepigwa ni mimi. Tangu hapo natengeneza kiunganishi changu, kinachomekwa kwenye soketi ileile ya zamani. Siku mteja akitaka kuuza gari, anachomoa changu, anachomeka za zamani, gari linarudi lilivyozaliwa."

"Na umeme wa sabufa?"

"Waya mnene, kutoka betri hadi kwenye amplifaya chini ya kiti. Fyuzi iko shibiri moja tu kutoka betri. Pale waya unapopenya bati la injini nimeuvisha mpira, usikatwe na makali. Waya ule ukigusa bati, fyuzi inakufa kabla moto haujaanza. Ndiyo kazi yake."

"Spika za zamani ulizichukua?"

"Niitwe mwizi? Nazifunga kwenye gazeti, naziweka kwenye buti chini ya tairi la akiba, na mwenyewe anaziona kwa macho yake."

"Aliziona nani?"

"Yule kijana. Alishinda kwangu siku mbili, hata chakula alikataa kwenda kula. Ananishikia taa, ananipa bisibisi. Mtoto wa tajiri, lakini ananiita kaka." Kimya alitazama meza. "Hajaja kuniona. Labda yuko safarini."

Kwenye benchi la ukumbini alikaa dada yake mkubwa, na mfuko mapajani. Ndani mlikuwa na shati lililopigwa pasi na viatu.

"Afande, nimpe avae? Wamesema saa nane."

"Subiri kwanza, dada."

"Nimesubiri tangu Jumamosi, mama. Benchi hili nalijua kila msumari."

"Basi lijue saa tatu zaidi."

Gari lilikuwa nyuma ya kituo, chini ya turubai. Kamba za turubai zilikuwa na fundo lilelile walilofunga watu wa breki dauni siku walipolivuta hadi pale. Inspekta aliliangalia fundo hilo kabla ya kulifungua, akaliandika.

Alianza na mlango wa dereva. Plastiki yote ilikuwa imeyeyuka na kuganda chini kama nta, lakini bati la mlango lilikuwepo, na juu ya bati palining'inia duara la chuma lenye kisumaku mgongoni, kidogo kama kisigino cha kiatu cha mtoto. Karatasi ilikuwa imeungua. Moto unakula karatasi, mbao, mpira na kitambaa. Chuma na sumaku unaviacha, hata kama nguvu ya kuvuta imekwisha.

Matundu ya ribiti yalikuwa manne. Skrubu zilikuwa mbili, moja juu, moja chini.

Mlango wa pili, hivyohivyo. Wa tatu. Wa nne. Visumaku vinne vya kiwandani, skrubu nane badala ya kumi na sita.

Kwenye buti alipiga magoti na chekecheke aliloazima jikoni kwa mpishi wa kituo. Alichekecha majivu yote. Sabufa ya inchi kumi na mbili ina sumaku kubwa kama sahani na fremu ya chuma isiyonyanyuliwa kwa mkono mmoja. Alipata bawaba, jeki, na ringi ya tairi la akiba. Chini ya ringi palikuwa patupu. Chini ya kiti, patupu.

Kisha akafungua boneti. Waya mnene ulitoka betri kama Kimya alivyosema, shibiri moja, ukaingia kwenye nyumba ya fyuzi. Nyumba ilikuwa imepinda kwa joto. Ndani hamkuwa na fyuzi, si nzima wala iliyoungua. Na pale waya ulipopenya bati la injini, shaba yake iliishia ghafla. Waya uliopiga shoti huacha matone mwishoni, shaba ikiyeyuka na kuganda. Huu ulikuwa umekatwa sawasawa, kwa koleo.

Jambo moja zaidi aliliandika bila kujua la nini: bati la juu ya gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limebonyea kwa ndani. Huenda ni watu wa breki dauni.

"Unatafuta nini kwenye majivu?" Mkuu wa kituo alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe mkononi.

"Nahesabu sumaku, Mkuu."

"Umepata ngapi?"

"Nne. Ndogo, tena milangoni. Zilitakiwa ziwepo tano kubwa, na hizi nne ziwe chini ya tairi. Gari hili halikuwa na muziki wakati linaungua. Mtu aliutoa wote, akarudisha spika za zamani, akatoa fyuzi, akakata waya. Waya zinazodaiwa kuchoma gari hazikuwa na umeme, na muziki wenyewe haukuwepo."

Mkuu alikunywa, akafikiri. "Basi ni mlinzi. Aliiba muziki, akachoma gari kuficha wizi."

"Kutoka kwa fundi tunashuka kwa mlinzi. Tukimaliza mlinzi tutamkamata paka wa yadi."

"Chunga mdomo, Inspekta."

"Mwizi anang'oa anaondoka, Mkuu. Hakai kurudisha spika nne za karatasi, mlango mmoja baada ya mwingine, apate redio ya kusikiliza huku anaiba. Na angejuaje kwamba za zamani zilikuwa chini ya tairi? Alijua mtu mmoja tu ukimtoa fundi. Nipe hadi saa nane."

"Unajua Mkurugenzi ni nani."

"Najua ni mlalamikaji. Sijaona maelezo yake kwenye faili. Naenda kuyachukua."

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa juu ya ghala, na dirisha lake lilitazama yadi yote, pamoja na doa jeusi kwenye saruji. Alikuwa mtu mzima mnene, mwenye tabia ya kujibu kabla swali halijaisha.

"Mimi mwenyewe niliendesha gari lile Jumamosi, kabla ya moto," alisema. "Muziki unanguruma, vioo vinatetemeka. Nikasikia harufu ya waya. Nikaegesha, nikapanda huku. Dakika kumi, moto."

"Rudia, mzee wangu."

"Nirudie nini?"

"Muziki."

"Nimesema ulikuwa unanguruma. Ile sabufa kule nyuma, mtu unaisikia kifuani. Nilimwambia kijana wangu, yule fundi wako wa vichochoroni atatuua."

"Uliisikia kifuani. Jumamosi."

"Jumamosi. Kwani husikii?"

Inspekta aliandika neno kwa neno, akamsomea, akamgeuzia karatasi. Mkurugenzi alitia saini bila miwani. Alikuwa ametia saini mambo mengi maishani na hakuna lililowahi kumrudia.

"Kijana wako yuko wapi?"

"Stoo, chini. Ana huzuni, usimchoshe. Alilipenda sana gari lile."

Kijana huyo alikuwa mtu wa miaka kama ishirini na minne, mrefu, amekaa juu ya katoni akipanga karatasi za mizigo zilizokwisha kupangwa. Aliposikia "polisi" alisimama. Inspekta alitafuta katoni nyingine, akakaa.

"Kaa, mwanangu. Nina swali moja tu. Kwa nini uliweka skrubu mbili mbili? Kaka yako Kimya alikufundisha nne."

Kijana aliweka chini karatasi alizokuwa nazo. Kisha alikaa taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo na bado miguu haijaamini.

"Mmehesabu," alisema.

"Leo asubuhi."

"Mimi nilidhani mtahesabu Jumamosi ileile." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Baba alisema tulichome, tuseme ni waya za fundi. Nikasema sawa. Mimi kwa baba huwa nasema sawa. Lakini Ijumaa baba alipokwenda mkutanoni nikatoa kila kitu. Sabufa, amplifaya, spika, hata fyuzi. Nikarudisha za zamani, nikawaza, polisi wakifungua tu mlango wataona hakuna muziki humu, watamwacha Kimya. Skrubu nyingine zilinianguka, nikaogopa baba atarudi kabla sijazitafuta. Jumapili nikasubiri. Jumatatu nikasubiri. Jana nilipita nje ya kituo, nikaona turubai halijaguswa."

"Ungeingia useme."

"Ndiyo."

"Ulisema kwa bisibisi, ukadhani tunasoma."

"Ndiyo, mama."

"Vitu viko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya katoni, chini ya blanketi la kufungia samani, kulikuwa na kasha la sabufa lililovishwa zulia jeusi kona hadi kona, spika nne zenye pete zake za mbao, na fyuzi moja ndani ya kikombe cha plastiki. Inspekta aliinua fyuzi kwenye mwanga. Kiwaya cha ndani kilikuwa kizima.

"Sasa niambie," alisema, "kwa nini mtu achome gari lake zima."

Nje forklifti ya kuinulia mizigo ilipita na kurudi.

"Kuna mama aligongwa," alisema kijana mwishowe. "Anayefagia barabara ya kiwandani."

Inspekta aliiweka fyuzi chini. Faili hilo alikuwa nalo yeye. Wiki tatu kabatini. Faili la mtu aliyegongwa akiwa kwa miguu huwa jembamba, na lile lilikuwa jembamba kuliko mengi: mwanamke, mfagiaji, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Shahidi mmoja, muuza magazeti: gari jeupe, muziki mzito, halikusimama. Inspekta aliomba askari wawili wazunguke karakana za muziki. Akaambiwa hakuna mafuta ya gari.

"Nilikuwa naendesha mimi," alisema kijana. "Nilikuwa peke yangu. Wimbo ule una kishindo pale kiitikio kinapoanza. Nikasikia kishindo. Nilidhani ni besi." Alitazama kasha la sabufa. "Nilidhani Kimya kaifunga vizuri kuliko nilivyojua. Nikaongeza sauti."

Inspekta hakuandika. Alimwacha amalize.

"Nilipofika nyumbani ndipo nikaona taa imepasuka. Kipande cha kizibao chake, kile cha rangi ya machungwa, kimenasa. Nikamwambia baba. Akaniambia ninyamaze. Akasema mtaa mzima unalijua gari kwa muziki wake, kulitengeneza gereji ni kujitangaza." Akainua macho. "Mama, alipiga kelele? Ninajiuliza kila siku. Alipiga kelele mimi nikashindwa kusikia, au hakuwahi?"

Angeweza kumwambia hakuwahi. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa kama anayengoja kibao, na kibao chenyewe kingekuwa nafuu.

"Aliita mara mbili," alisema Inspekta, kama mama mwenyewe alivyomsimulia hospitalini. "Mara ya kwanza alipoliona gari. Ya pili alipokuwa mtaroni, akiliona linakwenda."

Kijana aliitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili. Hakulia. Alivuta karatasi kutoka kwenye rundo la mizigo, akaigeuza upande mtupu.

"Niandike kuanzia wapi?"

"Kuanzia kiitikio. Na andika wewe mwenyewe, nisije nikaambiwa nilikulazimisha."

Aliandika kurasa tatu. Jina la baba yake lilimchukua muda kuliko mengine yote.

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili, gari la mahabusu lilikuwa limeshawashwa uani mwa kituo, na dereva wake anapiga honi. Inspekta alipita mbele yake bila kugeuka. Nyuma yake alikuja kijana amebeba spika mbili, na askari wawili wakihema chini ya kasha la sabufa. Watu wote ukumbini walisimama. Dada alisimama wa kwanza.

Mezani kwa Mkuu aliweka vitu vitatu: maelezo ya kijana, maelezo ya Mkurugenzi aliyeisikia kifuani sabufa iliyokuwa stoo tangu Ijumaa, na faili jembamba la mfagiaji. Mkuu alisoma cha kwanza. Alipofika ukurasa wa pili alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mkurugenzi ni rafiki yangu," alisema.

"Najua, Mkuu. Nimeomba watu wawili waende kumleta, na safari hii mafuta yamepatikana. Nimenunua mwenyewe."

Mkuu alitazama nje, honi ilikolia. Alifungua dirisha akamfokea dereva azime. Kisha akavuta fomu ya kumwachia mahabusu, akajaza jina, tarehe, saa. Akafika kwenye mstari wa sababu.

"Ushahidi hautoshi," alisema huku akiandika herufi ya kwanza.

"Hapana." Inspekta aliweka kidole kwenye karatasi. "Ushahidi unatosha. Ulikuwa unatosha tangu Jumamosi, uko chini ya turubai. Andika hatukuliangalia gari."

"Hii fomu inasomwa makao makuu."

"Itawachangamsha."

"Inspekta, miaka yangu ya kustaafu imebaki miwili."

"Na huyu alibakiza dakika kumi na mbili."

Mkuu aliishika kalamu hewani. Mlangoni alikuwa amesimama Kimya, ameletwa na askari wa zamu, bado ameshikilia suruali. Alimwona kijana kwenye kona. Kijana alizishusha spika sakafuni. Kimya alitazama sabufa sakafuni, akalikagua zulia lake kwa jicho la mtu wa kazi, kisha akamtazama tena kijana. Hakumtukana.

"Waya hukuukata na betri ikiwa imeunganishwa?" aliuliza.

"Nilichomoa kwanza, kaka."

"Vizuri."

Mkuu aliandika. *Gari halikukaguliwa kabla ya kumkamata.* Akatia saini, akagonga muhuri kwa nguvu, akamsukumia Kimya fomu.

"Saini hapa. Uko huru. Nenda nyumbani."

Kimya alisoma kwa kidole, polepole, mstari kwa mstari. Akatia saini. Dada alikuwa ameshapiga magoti anamvisha viatu, kama mtoto wa chekechea, na yeye amemwachia.

"Naomba nakala," alisema.

"Nakala ya nini? Umeachiwa, bwana."

"Mtaa mzima ulisikia nimekamatwa, Mkuu. Kwamba nimechoma gari la mtu na mikono ya mtu. Kuachiwa hakuna atakayesikia."

Mkuu alimtazama Inspekta. Inspekta alikwishachukua fomu, yuko kwenye mashine ya kunakili kwenye kona, anapuliza vumbi kifunikoni.

"Ngapi?" aliuliza.

Kimya alianza kusema moja. Dada akainuka kutoka kwenye kamba za viatu.

"Mtaa wao una karakana kumi na moja," alisema. "Kila moja ina mlango."

Inspekta alilaza karatasi kwenye kioo, akabonyeza namba moja, akabonyeza moja tena.